Kufuta rekodi milioni 140 kwa mafungu: shajara ya mradi

Ninaiandika shajara hii kwa ajili ya yeyote aliyeachiwa jedwali lililonenepa kupita kiasi, akaambiwa alipunguze bila kuuzima mfumo. Nitaandika kila hatua inapokwisha. Yale yaliyokwenda sawa nitayapitia haraka. Yale yaliyonigharimu nitayaeleza kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo nilipotafuta msaada nisiupate wote mahali pamoja.

Jedwali lenyewe linaitwa `matukio`. Lina rekodi zipatazo milioni 212 na linachukua gigabaiti 90 za diski, faharasa (orodha za kutafutia rekodi haraka) zikiwemo. Linaandikwa mchana na usiku. Hifadhidata ni PostgreSQL toleo la 15, seva kuu moja na seva nakala moja ya kusomea. Makubaliano ni kwamba tukio lililopita miezi sita halihitajiki tena, kwa hiyo kila rekodi iliyoundwa kabla ya 1 Septemba 2024 iondoke. Hesabu ilitoa takriban milioni 140. Mpaka huo niliuandika kama tarehe kamili, wala sikutumia hesabu ya "leo toa miezi sita", kwa sababu kazi itakayochukua siku kadhaa haifai kuwa na mpaka unaosogea kila ukitazama saa.

Rekodi hizo za zamani tulizitoa kwanza kwenye faili zilizobanwa, tukazirudisha kwenye seva ya majaribio, na hesabu zikalingana. Asianze mtu kufuta kabla ya kuirudisha nakala yake walau mara moja na kuiona inasomeka.

## 3 Machi 2025: amri moja kwa zote

Nilianza na njia fupi kuliko zote:

```sql
DELETE FROM matukio WHERE iliundwa < '2024-09-01';
```

Niliiendesha saa tano usiku, matumizi yakiwa madogo. Dakika ishirini za kwanza zilikuwa shwari. Baada ya hapo programu inayobadilisha safu ya `hali` kwenye matukio ya zamani ikaanza kusimama. Rekodi iliyokwisha kuguswa na amri yangu ilikuwa imefungwa, na anayetaka kuibadilisha hana budi kusubiri mpaka muamala wangu (kazi inayothibitishwa au kutenguliwa yote kwa pamoja) uishe. Seva nakala ikaanza kubaki nyuma, dakika moja, kisha kumi na moja. Kumbukumbu ya mchakato ule kwenye seva kuu nayo ikawa inapanda bila kushuka.

Saa saba na robo usiku niliikatiza kwa `pg_cancel_backend`. Kurudi nyuma kulikuwa kwa papo hapo, kwa kuwa PostgreSQL haina rejista ya kutengua mabadiliko moja moja. Rekodi zote milioni 140 zilibaki hai kama hapo mwanzo. Gharama ya usiku huo ni saa mbili na robo, gigabaiti 37 za WAL (logi ya mabadiliko) na foleni ya watu waliosubiri. Hakuna hata rekodi moja iliyoondoka.

Jambo moja sikuliona usiku ule, nililiona asubuhi. Muamala ukikaa wazi kwa saa mbili, ufagiaji wa ndani (`VACUUM`, unaoondoa rekodi zilizokufa) unazuiwa kwenye majedwali yote ya hifadhidata hiyo, hata yale usiyoyagusa. Kila rekodi iliyokufa baada ya muamala wangu kuanza ilibidi itunzwe, kwa sababu huenda muamala wangu ungetaka kuiona.

## 4 Machi 2025: `LIMIT` haikubaliki

Tukaamua kufuta kidogo kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Nikaandika hivi, kwa mazoea niliyotoka nayo kwenye MySQL:

```sql
DELETE FROM matukio WHERE iliundwa < '2024-09-01' LIMIT 5000;
```

Jibu likaja: `syntax error at or near "LIMIT"`. PostgreSQL haina `LIMIT` kwenye `DELETE`, na toleo haliwi sababu, kwani haijawahi kuwa nayo.

Nilikasirika kidogo, nikamlalamikia mwenzangu anayesimamia seva. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Elfu tano za kwanza kwa lipi, ndugu yangu?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nikisema "za kwanza" kana kwamba jedwali lina mwanzo.

Halina. Tangu Edgar F. Codd alipouandika mfumo wa mahusiano mwaka 1970, jedwali ni seti, na seti haina mwanzo wala mwisho. Mpangilio unakuja pale tu unapoutaja kwa `ORDER BY`. Ukifuta 5,000 bila kutaja mpangilio, umeiambia hifadhidata ichukue zozote itakazozikuta mkononi. Kwa kazi fulani hilo halina neno. Kwa kazi yangu lina neno, kwa kuwa nikikatizwa katikati nataka kujua nimefika tarehe gani.

Ninaziandika hapa namna za hifadhidata nyingine, maana si kila msomaji anatumia ninayotumia mimi. MySQL na MariaDB zinakubali `DELETE ... ORDER BY ... LIMIT n` kwa jedwali moja. Ukiwa na seva nakala zinazorudia amri kama zilivyoandikwa, usiache `ORDER BY`, la sivyo seva kuu inaweza kufuta hizi na nakala ikafuta zile. SQL Server ina `DELETE TOP (n)`, ambayo yenyewe haipokei `ORDER BY`, kwa hiyo mpangilio unauweka kwenye ulizo (`SELECT`) la ndani. Humo pia, amri moja ikishika makufuli yapatayo 5,000 kwenye jedwali, hifadhidata hujaribu kuyageuza kuwa kufuli moja la jedwali zima, ndiyo maana wengi hukaa chini ya idadi hiyo. Oracle watu hutumia `ROWNUM <= n`. SQLite ina `LIMIT` kwenye `DELETE` ikiwa tu ilijengwa na chaguo la `SQLITE_ENABLE_UPDATE_DELETE_LIMIT`.

Kwa PostgreSQL njia ni moja kwa maana yake, ingawa ina sura nyingi: chagua kwanza, kisha futa ulizochagua.

## 6 Machi 2025: niliomba 5, zikafutika 40

Hili ndilo kosa ninalotaka lisomwe kuliko mengine yote. Bahati nilikuwa kwenye jedwali dogo la majaribio lenye rekodi 40. Niliandika:

```sql
DELETE FROM majaribio
WHERE id IN (
  SELECT id FROM majaribio
  ORDER BY iliundwa, id
  LIMIT 5
  FOR UPDATE SKIP LOCKED
);
```

`FOR UPDATE SKIP LOCKED`, iliyopo tangu toleo la 9.5, niliiweka ili fungu langu liziruke rekodi zilizoshikwa na watu wengine badala ya kuzisubiri. Wazo ni zuri na bado ninalitumia. Hifadhidata ikajibu: `DELETE 40`.

Niliisoma mara tatu. Nikadhani nimekosea kuandika 5. Nikaliangalia jedwali, likawa tupu.

`EXPLAIN`, amri inayoonyesha jinsi hifadhidata itakavyoliendesha ulizo, ndiyo iliyonifungua macho. Mpango uliochaguliwa ulikuwa kitanzi ndani ya kitanzi: chukua rekodi moja ya jedwali la nje, endesha ulizo la ndani, linganisha. Chukua ya pili, endesha ulizo la ndani *tena*. Kila lilipoendeshwa upya, ulizo la ndani liliziruka zile zilizokwisha kufutwa na amri hiyo hiyo, likaleta tano nyingine. `LIMIT 5` ilitii kila mara ilipoitwa. Tatizo ni kwamba iliitwa mara nyingi. Kwenye jedwali kubwa mpango ungeweza kuwa mwingine na amri ikafuta 5 kamili, na hapo hatari inazidi, kwa sababu ungeiamini mpaka siku mpango utakapobadilika.

Dawa ni kuhakikisha ulizo la ndani linaendeshwa mara moja tu, matokeo yake yawekwe kwenye safu-orodha kabla kufuta hakujaanza:

```sql
DELETE FROM majaribio
WHERE id = ANY (ARRAY(
  SELECT id FROM majaribio
  ORDER BY iliundwa, id
  LIMIT 5
  FOR UPDATE SKIP LOCKED
));
```

`ARRAY(...)` hapa haitegemei chochote cha nje, kwa hiyo inakokotolewa mara moja mwanzoni. Niliirudia mara ishirini, kwenye jedwali tupu, dogo na kubwa, na kila mara zilifutika tano au pungufu. Unaweza pia kuliweka ulizo kwenye `WITH ... AS MATERIALIZED`, matokeo ni hayo hayo. Tangu siku hiyo skripti yangu inahesabu rekodi zilizofutwa na kila fungu, na idadi ikizidi niliyoomba inatengua muamala na kusimama.

## 10 Machi 2025: sekunde saba kwa kila rekodi

Nikapeleka amri kwenye nakala kamili ya hifadhidata, yenye ukubwa ule ule wa seva ya kazi. Fungu la 5,000 halikumalizika ndani ya nusu saa. Nikashusha hadi 1,000, halikumalizika. Nikashusha hadi 10, likachukua sekunde 71.

`EXPLAIN ANALYZE` kwenye `DELETE` inafuta kweli, haijifanyi, kwa hiyo iwekwe kati ya `BEGIN` (kufungua muamala) na `ROLLBACK` (kuutengua). Sehemu ya juu ya matokeo ilionyesha kufuta kwenyewe kumechukua chini ya milisekunde moja. Chini kabisa ndiko kulikokuwa na mstari huu:

```
Trigger for constraint viambatisho_tukio_id_fkey: time=71204.118 calls=10
```

Jedwali la `viambatisho` lina rekodi milioni 60, na kila moja inaelekeza kwenye tukio lake kwa ufunguo wa kigeni wenye `ON DELETE CASCADE`. Unapofuta tukio, hifadhidata inakwenda kutafuta viambatisho vyake ili ivifute pia. PostgreSQL inadai faharasa upande unaoelekezewa, lakini upande unaoelekeza haikuwekei. Hiyo ni juu yako. Sisi hatukuiweka. Kwa hiyo kila tukio moja lililofutwa lilisababisha rekodi zote milioni 60 zipitiwe kuanzia juu hadi chini.

Hapo nikaelewa na usiku wa tarehe 3. Ukaguzi huu hufanyika mwishoni mwa amri, na foleni yake hutunzwa kwenye kumbukumbu mpaka hapo, ndiyo maana kumbukumbu ilikuwa inapanda. Nikapiga hesabu: sekunde 7 mara milioni 140 ni kama miaka 31. Nilikuwa nimekaa saa mbili na robo nikisubiri kitu ambacho kisingeisha.

Kwa hiyo, kabla hujafikiria ukubwa wa fungu, tafuta funguo zote za kigeni zinazoelekea kwenye jedwali lako na uhakikishe kila moja ina faharasa. Kuzitazama ni kazi ya dakika tano.

## 11 Machi 2025: faharasa iliyokufa ikiwa hai

Kwenye seva ya kazi faharasa lazima ijengwe bila kuwazuia waandishi:

```sql
CREATE INDEX CONCURRENTLY viambatisho_tukio_idx ON viambatisho (tukio_id);
```

Baada ya dakika tano ikakatizwa. Mtumiaji niliyeingia naye amewekewa `statement_timeout` ya dakika tano, jambo ambalo ni la busara kwa programu, lakini si kwa ujenzi wa faharasa. Nikaweka `SET statement_timeout = 0`, nikarudia amri, nikaambiwa jina hilo lipo tayari.

Ujenzi wa namna hii ukikatizwa haufuti ulichoacha. Inabaki faharasa iliyotiwa alama ya `INVALID`: haitumiki kwenye maulizo, ila inaweza kuendelea kuandikwa kila rekodi mpya inapoingia, yaani unalipa bila kupata. Iliondolewa kwa `DROP INDEX CONCURRENTLY`, kisha ikajengwa upya. Dakika 19. Mstari ule wa chini ukawa hivi:

```
Trigger for constraint viambatisho_tukio_id_fkey: time=1.322 calls=10
```

## 12 Machi 2025: skripti na ukubwa wa fungu

Toleo la kwanza la kitanzi nililiandika kama funksheni ndani ya hifadhidata. Niliangalia kutoka kikao kingine, na rekodi hazikupungua hata kidogo huku kitanzi kikizunguka. Funksheni haiwezi kufanya `COMMIT`, yaani kuuthibitisha muamala. Mizunguko yote ilikuwa ndani ya muamala mmoja, yaani nimeirudia ile amri ya tarehe 3 kwa njia ndefu. Prosija inaweza, tangu toleo la 11, mradi isiitwe ndani ya muamala mwingine. Mwishowe nilichagua skripti iliyo nje, kila fungu na muamala wake, kwa kuwa ni rahisi kuisimamisha na kusoma logi zake.

Ukubwa wa fungu niliupima kwenye nakala. Kwa 50,000 kila fungu lilichukua sekunde sita na seva nakala ikabaki nyuma. Kwa 1,000 muda mwingi ulipotea kwenye safari za kwenda na kurudi. 5,000 ilichukua chini ya nusu sekunde, na hiyo ndiyo niliyochukua. Wewe pima yako. Kipimo changu kilikuwa kimoja: mtu aliyekuta rekodi yake imefungwa asisubiri kiasi cha kuhisi.

Skripti inapumzika sekunde moja baada ya kila fungu. Inasoma pia `replay_lag` kutoka `pg_stat_replication`, na seva nakala ikibaki nyuma kwa zaidi ya sekunde kumi inasubiri mpaka ifike.

## 13 Machi 2025: mafungu yanazidi kuwa mazito

Usiku wa kwanza kwenye seva ya kazi. Fungu la kwanza sekunde 0.4. La mia moja, sekunde 1.7. La mia sita, sekunde 9. Jedwali linapungua, kazi inazidi kuwa nzito. Nikasimamisha baada ya rekodi milioni 3.

`DELETE` kwenye PostgreSQL haiondoi kitu. Inaipiga rekodi alama kwamba miamala ijayo isiione. Mwili wake unabaki kwenye ukurasa wake wa kilobaiti 8, na kiingilio chake kinabaki kwenye faharasa, mpaka `VACUUM` ipite. Ulizo langu lilianza kila mara kutoka tukio la zamani kuliko yote. Fungu la mia sita likaanzia pale pale lilipoanzia la kwanza, likapita juu ya rekodi milioni 3 zilizokufa, likizikagua moja moja, ndipo likazifikia 5,000 zilizo hai. `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)` ilionyesha kurasa zipatazo 110,000 zimesomwa kwa fungu moja. Hizo ni takriban megabaiti 900 za maiti.

Kwa kawaida faharasa hujisaidia: ikigundua kiingilio kinaelekeza kwenye rekodi ambayo hakuna muamala wowote unaoweza kuiona, hukitia alama na ikipitiwa tena hukiruka. Usiku ule haikuweza. Nilipochungulia `pg_stat_activity` nilikuta kikao kimoja kiko `idle in transaction` tangu alasiri, na muamala wake ulio wazi umezuia kila kitu. Kikao hicho kilikuwa changu. Nilifungua `BEGIN` kwa ajili ya `EXPLAIN ANALYZE` ya mchana, sikuandika `ROLLBACK`, nikaenda kwenye kikao kingine.

Nilikifunga, nikaweka `idle_in_transaction_session_timeout` ya dakika kumi ili kosa hilo lisidumu tena usiku kucha. Kisha nikarekebisha ulizo lenyewe, kwa sababu hata bila kikao kilichosahaulika, kuanza upya kutoka mwanzo ni kupoteza. Kila fungu sasa linaacha alama ya lilipofika, na linalofuata linaanzia hapo:

```sql
WITH zilizofutwa AS (
  DELETE FROM matukio
  WHERE id = ANY (ARRAY(
    SELECT id FROM matukio
    WHERE iliundwa < '2024-09-01'
      AND (iliundwa, id) > ($1, $2)
    ORDER BY iliundwa, id
    LIMIT 5000
    FOR UPDATE SKIP LOCKED
  ))
  RETURNING iliundwa, id
)
SELECT iliundwa, id, count(*) OVER () AS idadi
FROM zilizofutwa
ORDER BY iliundwa DESC, id DESC
LIMIT 1;
```

`$1` na `$2` ni alama ya fungu lililotangulia. Zinalinganishwa zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa matukio mengi huundwa wakati mmoja, na ukitumia tarehe peke yake utaziacha baadhi. Faharasa iwe juu ya safu hizo mbili kwa mpangilio huo huo, `(iliundwa, id)`. `ORDER BY` ya mwisho si pambo: `RETURNING` haiahidi mpangilio wowote. Safu ya `idadi` ndiyo skripti inayoikagua kabla ya `COMMIT`. Ulizo lisiporudisha chochote, kazi imekwisha.

Nilianza tena alfajiri kwa mafungu machache ya kujaribu. La kwanza 0.4, la mia moja 0.4. Niliendelea kuitazama logi kwa robo saa nzima, tarakimu zile zile zikishuka, na nikapumua.

## 14 Machi 2025: ufagiaji

Kabla ya kuendelea nilibadilisha jambo moja zaidi. Autovacuum, ufagiaji unaojiendesha wenyewe, huanza kazi rekodi zilizokufa zikipita 50 ongeza asilimia 20 ya jedwali. Kwa rekodi milioni 212 hiyo ni zaidi ya milioni 42 za kusubiri. Kwa jedwali hili pekee niliishusha:

```sql
ALTER TABLE matukio SET (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.01);
```

Sasa inaamka baada ya milioni 2 na kidogo. Inafanya kazi mara nyingi zaidi, ila kila mara kidogo. Jedwali la `viambatisho` nalo nililiwekea hivyo hivyo, kwa kuwa kufuta kwa mfululizo kunaacha maiti huko pia, jambo ambalo ni rahisi kulisahau.

## 18 Machi 2025: zimekwisha, isipokuwa 312

Usiku nne, kuanzia saa sita hadi saa kumi alfajiri, mafungu 27,400 hivi. Muda wote wa kuendesha ni saa 13 na dakika 20, zikiwemo karibu saa mbili za kuisubiri seva nakala. Hakuna mtumiaji aliyelalamika, na programu ya `hali` haikusimama tena.

Nilipohesabu zilizobaki nyuma ya mpaka nilikuta 312. Sikushtuka, ingawa nilipaswa kuliona hili mapema: `SKIP LOCKED` inaziruka rekodi zilizoshikwa wakati huo, na alama yangu inakuwa imeshazipita. Mzunguko mmoja kutoka mwanzo, bila alama, ulizimaliza zote. Ufagiaji ulikuwa umeshapita, kwa hiyo haukukuta maiti njiani. Yeyote anayetumia alama pamoja na `SKIP LOCKED` aweke mzunguko huo wa mwisho ndani ya skripti tangu siku ya kwanza.

## 24 Machi 2025: diski haijapungua

Mkuu wangu aliuliza swali lililo halali: tumefuta theluthi mbili ya jedwali, mbona faili bado ni gigabaiti 90?

`VACUUM` inairudisha nafasi kwa jedwali, siyo kwa diski. Kurasa zilizo tupu mwishoni kabisa mwa faili zinaweza kukatwa, lakini sisi tulifuta za zamani, na hizo ziko mwanzoni. Nafasi ipo ndani na rekodi mpya zitaijaza. Kuirudisha kwa diski kunahitaji `VACUUM FULL`, inayoliandika jedwali upya na kulifunga hata kwa wasomaji mpaka imalize, na inataka nafasi ya nakala mpya kabla ya kuiachia ya zamani. Ipo pia nyongeza ya pg_repack, inayofanya kazi hiyo kwa kufuli fupi zaidi, lakini nayo inahitaji nafasi hiyo.

Tuliamua kuacha. Lengo letu lilikuwa faili lisiendelee kukua, na faharasa tulizijenga upya moja moja kwa `REINDEX CONCURRENTLY`, hatua iliyorudisha gigabaiti 11 bila kumsumbua mtu.

Tulizungumzia pia kuligawa jedwali kwa vipande vya mwezi mmoja mmoja. Hapo kufuta mwezi mzima kunakuwa kutenga kipande na kukidondosha, bila maiti wala mafungu. Ndiyo njia ninayoiamini kwa jedwali jipya. Kwa hili lililopo kuna kikwazo: ufunguo msingi wa jedwali lililogawanywa lazima uwe na safu ya kugawia, yaani `iliundwa`, na `viambatisho` inaelekeza kwa `id` tu. Ingebidi rekodi milioni kadhaa za viambatisho ziongezewe tarehe kwanza. Huo ni mradi mwingine, na utakuwa na shajara yake.

## 7 Aprili 2025: kazi ya kila usiku

Skripti ile ile sasa inaendeshwa kila usiku na mpaka unaokokotolewa mara moja mwanzoni mwa kazi, kisha unabaki huo huo hadi mwisho. Zinaondoka rekodi karibu 390,000, mafungu 78, dakika mbili. Alama ya mwisho inahifadhiwa kwenye jedwali dogo, ndani ya muamala ule ule unaofuta, ili seva ikizimika katikati alama na ufutaji visiachane. Kila Jumapili inazunguka bila alama kuokota zilizorukwa. Jumapili iliyopita ziliokotwa 9.

Faili la jedwali nililipima asubuhi hii. Halijakua hata kwa megabaiti moja tangu tarehe 18 Machi.